Mume wa Fundi Hafungi Mkanda

Duka lilikuwa moja, mafundi wawili. Upande wa mlango alikaa mwanamke na cherehani yake, upande wa dirisha alikaa mumewe na meza yake ya kutengenezea saa. Mwanamke walimwita Bibi Futi, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukutazama ukivuka barabara akakutajia kiuno chako kabla hujafika kizingitini, na ole wako ukiwa umeongozana na watu. Mumewe walimwita Bwana Dakika. Kila mteja aliyeuliza saa yake itakuwa tayari lini alijibiwa "dakika mbili tu", na wapo waliozisubiri dakika hizo mpaka wakanunua saa nyingine. Wao wenyewe waliitana Fundi. Fundi, chai. Fundi, umeuona mkasi? Mpita njia asingejua nani anamwita nani.

Walikuwa wamekaa hivyo tangu watoto wao wakitambaa chini ya meza, na sasa watoto hao wana watoto wao huko waliko. Bibi Futi alikuwa na jambo moja la kujivunia kuliko ndoa yenyewe: mumewe hakuwahi kufunga mkanda. Mkanda, alisema, ni wa watu wanaovaa suruali zilizokatiwa watu wengine. Suruali iliyoshonwa sawasawa hukaa kiunoni yenyewe. "Mume wa fundi hafungi mkanda," alipenda kusema, huku akimtupia jicho wifi yake, dada wa mumewe, aliyeuza mitumba kwenye kibanda cha jirani na kutundika mikanda mlangoni.

Ndani ya kila mshono wa nguo za mumewe aliacha akiba ya kitambaa, maana mwili ni mgeni, hujui kesho utataka nafasi gani. Na mwili wa Bwana Dakika ulitaka nafasi kila mwaka. Mtu alikula amekaa, alifanya kazi amekaa, na akichoka kukaa alilala. Bibi Futi alifumua na kuachia, akafumua na kuachia, na kila mara alimwambia: Fundi, punguza sukari kwenye chai. Fundi, simama utembee kidogo. Bwana Dakika aliitikia "sawa" bila kuondoa lenzi jichoni, kisha akajitilia kijiko kingine.

Ikafika siku daktari akamwambia sukari yake ya mwili inabisha hodi na presha imeshaingia ndani. Hajawa mgonjwa, lakini akiendelea hivyo atakuwa. Daktari akampima moyo, akauona uko salama, akamwambia kutembea peke yake hakutoshi. Anahitaji kujenga mwili, anyanyue vyuma, kwa sababu misuli ndiyo inayokula sukari. Ila aanze polepole, na aanze kwa mtu anayejua.

Mtu anayejua alikuwa nyuma ya duka la mbao. Alikuwa mwanamke, alishafundisha michezo shuleni mpaka akastaafu, na sasa alikuwa na ukumbi wake wenye benchi, vyuma, na mkeka wa kujinyooshea. Kila mtu alimwita Mwalimu. Uzuri hakuwa nao wa kutisha, tuseme kweli. Mabega mapana, nywele fupi zenye mvi, sauti ya kuzoea kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Bibi Futi alimwona mara moja akipita, akampima kwa macho kama alivyompima kila mtu, akajiambia hapa hakuna la kuniumiza kichwa.

Akajidanganya.

Wiki ya kwanza Bwana Dakika alirudi anatembea kama aliyeshuka ngamia. Kwenye chai aliweka kijiko kando, akalisogeza bakuli la sukari mpaka ukingoni mwa meza.

"Mwalimu amesema," akaeleza.

Bibi Futi alilitazama lile bakuli. Miaka aliyoimba wimbo wa sukari! Alikuwa amebembeleza, amenuna, amelificha bakuli juu ya kabati, na mume amelitafuta mpaka akalipata. Leo mwanamke mwingine amesema neno moja, tena pengine amelisema akiwa anafikiria mambo mengine, na neno limetiiwa. Akajua huo ni wivu, wala hakuutafutia jina lingine.

Tangu siku hiyo "Mwalimu amesema" ikawa mtu wa tatu dukani. Mwalimu amesema mtu apashe mwili moto kwanza, asiurukie uzito akiwa baridi. Mwalimu amesema anayeanza anyanyue chuma kitupu, bila sahani hata moja ya uzito, mpaka mwili ujifunze njia. Mwalimu amesema leo mazoezi, kesho pumziko, kwa sababu misuli hujengeka mtu akipumzika. Mwalimu amesema mayai na maharage, maji mengi, na kulala mapema. Mwalimu amesema usizuie pumzi. Misuli ikiuma kesho yake ni kawaida, lakini kiungo kikiuma, hiyo ni kengele, weka chuma chini. Na kwenye benchi la kunyanyulia chuma juu ya kifua usilale peke yako bila mtu wa kukushikia. Bwana Dakika aliyahesabu mafundisho haya kama anavyopanga vipuri vya saa juu ya kitambaa, kila kimoja mahali pake, na Bibi Futi alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie.

Wifi yake hakumsaidia. Alikuja na chai yake mkononi, akaegemea mlango, akauliza kwa sauti ya asali kama ni kweli kaka yake sasa ana mwalimu. Bibi Futi akasema ni mambo ya afya. Wifi akanywa funda moja.

"Afya ni nzuri," akasema. "Ila angalia, wifi yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akacheka akarudi kwenye mitumba yake. Alikuwa anatania tu, kama mawifi wanavyotania, lakini Bibi Futi alilala na neno lile.

Pigo lenyewe lilikuja kwa namna ya pekee. Asubuhi moja Bwana Dakika, akinyoosha mabega kama alivyofundishwa, alisema Mwalimu amewakataza wanafunzi wake kujitazama kwenye kioo kila siku. Kioo kina maneno mengi, leo kinakusifu, kesho kinakutukana. Mizani nayo haijui kutofautisha misuli na mafuta.

"Amesema tusubiri nguo," akasema. "Nguo zetu ndizo zitakazotuambia. Nikamwambia basi mimi nina bahati kuliko wote, nguo zangu zina fundi."

Alilisema kwa fahari, akimsifu mkewe. Bibi Futi hakuzisikia sifa. Alichosikia ni kwamba suruali alizozikata yeye, akazipiga pasi yeye, zimeitwa kutoa ushahidi wa kazi ya mwanamke mwingine.

Na zilikuwa zimeshaanza kusema. Mwenyewe alikuwa bado hajagundua, lakini mkewe aliona kabla yake, kama alivyoona kila kitu cha kiunoni. Bwana Dakika aliposimama kumpa mteja saa, kitambaa cha nyuma kilikunjamana pale ambapo kwa miaka kilikuwa kimejaa. Shati likabana begani. Mtu alikuwa anapungua huku na kuongezeka kule, vizuri, kwa utaratibu, kama kitu kinachofanywa na mtu anayejua kazi yake.

Siku hiyo, mume alipokwenda mazoezini, Bibi Futi alizitoa suruali zake kabatini. Akachukua wembe, akafumua mshono wa nyuma, akaubana ndani kidogo, upana wa ukucha tu. Shati akaliachia begani kwa ile akiba. Akapiga pasi, akarudisha. Alipomaliza akajiambia hajamwibia mtu kitu. Nguo ni zake, mume ni wake. Acha Mwalimu asubiri ushahidi.

Kesho yake Bwana Dakika alivaa, akapapasa kiuno, akatikisa kichwa. "Bado," akasema. Na Bibi Futi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila kiuno kilipopungua, mshono ulikifuata. Mume hakushuku lolote. Wateja walimwambia amependeza, akawajibu wanamwonea huruma. Dada yake alimwambia kaka, mashavu yako yamekwenda wapi. Akasema mashavu si kipimo, suruali ni ile ile. Watu husema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Hapa mwenye wivu alinenepa kwa raha, na mwingine ndiye aliyekonda bila kujua.

Bibi Futi alikuwa na hesabu yake, ilikuwa rahisi. Mume ataona hakuna kinachobadilika, atakata tamaa, ataacha. Atarudi kwenye kiti chake cha dirishani siku zote, na lile neno "Mwalimu" litaondoka dukani. Kuhusu sukari ya mwilini, alijiambia chai isiyo na sukari inatosha. Sehemu hiyo ya hesabu aliipitia haraka haraka, kwa sababu alijua haikuwa sawa.

Kosa lake lilikuwa moja, na kwa mwanamke aliyekaa na fundi saa maisha yake yote lilikuwa kosa la aibu. Alisahau jinsi fundi saa anavyofikiri. Saa isipotembea, fundi hasemi basi. Husema haijajazwa ufunguo vya kutosha.

Bwana Dakika akaanza kunung'unika kwamba uzito ni mdogo. Mwalimu alikuwa amemruhusu sahani ndogo kabisa, moja kila upande, akamwambia hapo tutulie kwanza. Alipolalamika kuwa nguo hazijasema kitu, Mwalimu alimtazama juu mpaka chini, akasema yeye kwa macho yake anaona mabadiliko makubwa. Bwana Dakika akarudi dukani anacheka kwa uchungu.

"Ananitia moyo tu kama mtoto wa darasa la kwanza," akamwambia mkewe. "Mimi nina ushahidi wangu hapa." Akajipiga kiunoni. Bibi Futi akainamia kazi yake.

Siku ya pumziko, saa za mchana, Bwana Dakika alisema anakwenda kupeleka saa ya mteja. Alikwenda kweli, lakini aliporudi alipitia nyuma ya duka la mbao. Mwalimu hakuwepo, alikuwapo kijana mmoja wa kufagia, naye alikuwa nje na ndoo. Bwana Dakika hakupasha mwili moto. Akapachika sahani nzito alizokuwa akiziona kwa wengine, akalala benchi peke yake, akanyanyua. Mara ya kwanza chuma kilipanda. Mara ya pili kilipanda nusu, kikayumba upande wa kulia, bega likageuka na chuma kikamshukia kifuani. Mfagiaji alisikia sauti, akaja mbio.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemleta baada ya kumpitisha zahanati. Alimshika kiwiko mpaka kwenye kiti chake cha dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Mbavu zilikuwa nzima, bega lilikuwa limechanika ndani, na vidole vilivyokuwa vikiokota skrubu ndogo kama mbegu ya mtama vilikuwa vimechomoza nje ya kitambaa bila kushika kitu.

Bibi Futi alisimama. Alikuwa amemsubiri mwanamke huyu aingie dukani mwake, alikuwa na maneno amemwekea. Yote yakapotea.

Mwalimu alikuwa amelia. Akasema kosa ni lake, angefunga ukumbi kwa kufuli. "Lakini sielewi, dada yangu," akasema. "Alikuwa anakwenda vizuri kuliko wote. Kwa nini alitaka kujiua kwa uzito? Kila siku ananiambia nguo hazijabadilika. Mimi namwona anapungua. Nimefika mahali nikaanza kuyashuku macho yangu."

Bibi Futi akasema tumshukuru Mungu kwa kupona. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Baada ya siku chache walirudi kwa daktari wao pamoja, yeye na mumewe. Daktari aliligusa bega, akasema litapona lakini kwa subira, na kibano chake cha kuokotea vipuri asikishike mpaka atakapoambiwa. Kisha akaangalia majibu ya damu, akaangalia mizani, uso wake ukafunguka. Sukari imeshuka. Presha imeshuka. Akasema angekuwa na wagonjwa wengine kama huyu angelala usingizi.

"Na kiuno hiki," akasema akicheka, "suruali inakaaje bila mkanda?"

Bwana Dakika hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akipapasa kiuno cha suruali, na Bibi Futi alitembea kando yake.

Dukani mume hakwenda kwenye kiti chake. Aliingia chumbani kwao nyuma ya duka, akatoka na suruali ya kijivu, ile anayoivaa zaidi, akaitandaza kwenye meza ya saa chini ya taa. Akaigeuza ndani nje kwa mkono wa kushoto. Akaweka lenzi jichoni, akainama.

Pasi hunyoosha kitambaa, lakini tundu la sindano haliondoki. Kwa macho ya kawaida huwezi kuliona. Kwa lenzi ya fundi saa linaonekana kama shimo la barabarani. Bibi Futi alimwona anasogeza kitambaa polepole, anasimama, anasogeza tena.

"Fundi, njoo," akasema.

Akaenda.

"Hapa palikuwa na mshono. Ukahamia hapa. Kisha hapa." Kidole cha kushoto kilipita kutoka mstari hadi mstari. "Mishono yote ni ya mkono wako. Nauliza kwa nini."

Angeweza kusema alikuwa anamtengenezea zimkae vizuri, kama mke yeyote wa fundi. Uongo huo ulifika mpaka mdomoni. Akautazama ule mkono uliofungwa shingoni, akaumeza.

"Nilimwonea wivu," akasema. "Mimi nimekwambia sukari, sukari, mpaka sauti yangu ikawa kama ya cherehani, husikii tena. Yeye kasema mara moja. Sikutaka nguo zangu zimsifu."

Bwana Dakika alitoa lenzi jichoni. Akaiweka juu ya ile suruali.

"Mwalimu aliniambia anaona nimepungua," akasema. "Nikamwambia, Mwalimu, macho yako yanakudanganya. Suruali zangu zimeshonwa na mke wangu. Haziwezi kusema uongo."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kisha akasimama, akanyanyua mkono wake mzima pembeni, kama mteja.

"Nipime. Na usome kwa sauti."

Bibi Futi akachukua futi kutoka shingoni mwake. Alizunguka kiuno ambacho alikuwa amekizunguka tangu ujana wao, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao futi ilibaki ndefu mkononi. Alisoma. Mume akasema hajasikia, akasoma tena.

Alichoomba Bwana Dakika baada ya hapo ni kitu kimoja tu: Mwalimu aambiwe, kwa sababu anajilaumu bure. Bibi Futi alikwenda mwenyewe, kwa miguu mizito, akasimama katikati ya vyuma akasema yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, huku akifuta benchi ambalo lilikuwa safi.

"Bora ungekuja kunitukana," akasema. "Ningekujibu, tungemaliza siku ile ile, na bega la mtu lingekuwa zima."

Bibi Futi akarudi dukani.

Alizifumua suruali zote, mshono baada ya mshono, akazirudisha zilivyokuwa. Zikawa kubwa kweli, mtu angeingia na mtoto wake. Akamwambia mumewe alete azikate upya, safari hii kwa haki. Bwana Dakika akasema acha kwanza. Akatoka hadi kibanda cha jirani, akarudi amefunga mkanda wa kahawia, mtumba, wenye kifungo kikubwa cha chuma. Dada yake alikuwa nyuma yake mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu Bibi Futi aolewe hakuwa na mzaha wa kutoa.

Wateja waliuliza, wateja hawana adabu. Fundi, mumeo naye kafunga mkanda? Alisema ndiyo, kafunga. Bega lilipona taratibu, kibano kikarudi mkononi, na daktari aliporuhusu, Bwana Dakika alirudi nyuma ya duka la mbao akaanza upya na chuma kitupu, Mwalimu akiwa amesimama kichwani pa benchi. Walikula pamoja, walifanya kazi pamoja, aliendelea kumwita Fundi. Lakini kila asubuhi Bibi Futi alisikia kile kifungo kikilia chumbani, na wivu aliokuwa nao kwa Mwalimu ukaonekana mchezo wa watoto. Aliuonea wivu mkanda. Ulikuwa umeshika mahali pake.

Kisha asubuhi moja mume alitoka ameshika suruali kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono wa pili. Matundu yalikuwa yamekwisha na kiuno kilikuwa bado kinapungua. Alisimama mbele ya cherehani, akaunyoosha.

"Fundi, nitobolee."

Bibi Futi aliuzungusha kiunoni mwa mumewe, akaweka alama ya chaki pale ulipofikia. Ilikuwa mbali sana na tundu la mwisho, mbali kuliko alivyopenda kuona. Akachukua msumari na nyundo ndogo ya mezani kwa mumewe, akatoboa juu ya chaki, si mbele si nyuma, akampa.

Bwana Dakika akaupokea. Akaweka lenzi jichoni, akalitazama lile tundu kwa makini, upande huu na upande ule. Kisha akaufunga, akaenda kukaa dirishani.